Mstari wa 670.8

Katika sehemu nyekundu ya mwanga wa nyota, pale wimbi linapofikia urefu wa nanomita 670.8, atomi za lithiamu huacha alama yao: mstari mwembamba ambao mwanga wake umepungua. Katika nyota kongwe iitwayo HD 84937, iliyo upande wa kundinyota la Simba, mwanga wote unaokosekana hapo ni sawa na kuziba kabisa utepe wa spektra wenye upana wa nanomita 0.0025. Kwa ajili ya upungufu huo watu wamepata shahada, wamegawiwa usiku kwenye darubini kubwa kabisa za dunia, na wamebishana kwa zaidi ya miaka 40. Wanasema ukiupima vizuri umepima kilichotokea katika dakika 20 hivi za mwanzo wa ulimwengu.

Dai hilo ndilo hutangulizwa magazetini. Mimi nikisoma ripoti za wapimaji hawa, jicho langu huenda kwenye kurasa za kati, zenye majedwali na makadirio ya makosa, ambako mtu anaeleza kwa utulivu namna alivyoamua mstari unaanzia wapi na unaishia wapi. Kurasa hizo hazitangazwi popote. Ufundi wote umo humo.

Kwanza, kwa nini lithiamu. Dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu, joto lilikuwa limeshuka kiasi cha kuziruhusu protoni na nyutroni zishikane bila kutawanywa papo hapo. Nafasi hiyo haikudumu. Ulimwengu ulizidi kutanuka na kupoa, na kabla ya nusu saa kwisha mambo yalikuwa yamesimama. Kilichopatikana ni hidrojeni tele, heliamu karibu robo ya uzito wote, deuteriamu kidogo sana, na lithiamu ya kuhesabiwa kwa taabu: kwa mahesabu ya leo, atomi tano hivi kwa kila atomi bilioni kumi za hidrojeni. Sehemu kubwa yake ilizaliwa ikiwa beriliamu-7, ambayo baadaye ilimeza elektroni ikageuka lithiamu-7. Kaboni, oksijeni, chuma na wenzao walisubiri nyota ziwapike.

Kiasi cha lithiamu kilichotoka wakati ule kilitegemea msongamano wa maada ya kawaida, kwa hiyo anayekijua anaweza kurudi nyuma na kuukadiria msongamano huo. Tabu ni kwamba lithiamu haivumilii joto. Ndani ya nyota, kwenye nyuzi milioni mbili na nusu hivi, protoni huivunja. Jua letu limekwisha kupoteza karibu yote: kwenye uso wake imebaki chini ya moja kwa mia ya kiwango kilichohifadhiwa katika vimondo vilivyoumbika pamoja nalo. Nyota zinazofanana na Jua katika Kilimia, ambazo bado ni changa, zinayo ya kutosha. Katika kundi la Hyades, lenye umri mkubwa zaidi, imepungua. Kwa mwendo huo nyota yenye miaka bilioni 12 au 13 ingetazamiwa kuwa imefilisika kabisa.

François na Monique Spite, mume na mke, wanafalaki wa Kituo cha Falaki cha Paris, waliitafuta hata hivyo. Walikwenda Hawaii, kwenye darubini ya pamoja ya Kanada, Ufaransa na Hawaii, yenye kioo cha mita 3.6, juu ya mlima Mauna Kea. Mwaka 1982 wakachapisha walichokiona. Lithiamu ipo katika nyota kongwe, tena ipo kwa kiasi kilekile nyota baada ya nyota, kama atomi moja na kidogo kwa kila bilioni kumi za hidrojeni. Chuma kikiwa haba au haba zaidi, kiasi hakibadiliki, ilimradi uso wa nyota uwe na joto la kutosha, kelvini 5,700 hivi kwenda juu. Ukichora lithiamu dhidi ya joto, nukta zinakaa bapa. Bapa hilo likaitwa uwanda wa Spite, na jina limebaki.

Sababu ya kutofilisika iko kwenye kina cha mchanganyiko. Nyota yenye vyuma haba, yaani elementi nzito kuliko heliamu, ina tabaka jembamba la gesi linalopanda na kushuka, na gesi ya usoni haifikishwi kule chini penye joto la kuiunguza lithiamu. Akina Spite wakasema wazi walichofikiri: kiasi hiki ni kile cha mwanzo, au karibu nacho. Kwa miaka 20 iliyofuata, uwanda wao ulikuwa moja ya vipimo vya kutegemewa vya maada ya ulimwengu.

Tuitazame sasa kazi yenyewe kwa karibu, kwa kutumia nyota nyingine, HD 140283, iliyo katika kundinyota la Mizani, umbali wa miaka ya nuru 200 hivi. Kwa macho matupu haionekani, lakini darubini ndogo ya mkononi inatosha. Katikati ya Juni, yapata saa nne na nusu usiku, hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Dar es Salaam. Ina chuma kama sehemu moja kwa 250 ya Jua. Mwaka 1951 Joseph Chamberlain na Lawrence Aller walionyesha kwamba nyota hii, pamoja na HD 19445, ina upungufu mkubwa wa vyuma, wakati ambapo wengi waliamini nyota zote zimeumbwa kwa mchanganyiko mmoja.

HD 140283 inatujia kwa kasi ya kilomita 170 kwa sekunde. Kwa hiyo mstari wake wa lithiamu haupatikani kwenye 670.8, umesogea kuelekea buluu mpaka karibu na 670.4. Dunia nayo inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, hivyo kituo cha mstari hakitulii mwaka mzima. Mpimaji huwasha ndani ya chombo taa ya thoriamu na argoni, ambayo mistari yake imepimwa maabara moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo rula yake. Halafu kuna kipokezi. Hakuna pikseli mbili zenye wepesi sawa wa kupokea mwanga, kwa hiyo kipokezi humulikwa taa nyeupe na kila pikseli hupewa sahihisho lake. Miale ya anga nayo hupiga kipokezi ovyo na kuacha nukta kali. Nukta moja ikiangukia ubavuni mwa mstari, kazi imeharibika. Ndiyo maana hawaachi mlango wazi kwa saa kadhaa mfululizo. Hupiga picha fupi nyingi, wazilinganishe, na chochote kilichojitokeza kwenye moja tu wakifute.

Baada ya hapo inakuja hatua ninayoihusudu kuliko zote, ya kuweka usawa. Upungufu wa mwanga hupimwa kutoka juu, yaani kutoka kwenye kiwango ambacho mwanga ungekuwa nacho kama lithiamu isingekuwapo. Kiwango hicho hakijachorwa na yeyote. Fundi mwashi hufunga uzi kati ya vigingi viwili, kisha akapanga matofali akiufuata. Uzi ukilegea, ukuta wote unapinda na hakuna tofali hata moja la kulaumiwa. Mpimaji naye hutafuta sehemu safi kulia na kushoto kwa mstari, zisizo na alama ya elementi yoyote, akavuta uzi wake hapo. Akiuinua kwa nusu asilimia tu, mstari dhaifu kama wa HD 84937 unanenepa kwa karibu sehemu moja kwa kumi. Hapo ndipo umaskini wa nyota kongwe unapomfaa. Kwenye spektra ya Jua, lithiamu imebanwa na mistari ya chuma na ya molekuli, na kuitenganisha ni kazi ya kukesha. Kwenye nyota isiyo na chuma, jirani ni wachache na uzi una mahali pa kushikia.

Nimewahi kuona michoro ya hatua hiyo ikiwa imewekwa kando kwa kando, nyota kumi na kitu katika ukurasa mmoja, kila moja na kibonde chake kidogo mahali palepale. Ukurasa wa namna hiyo hauna cha kumvutia mpita njia. Anayejua kilichofanyika kuufikisha hapo hawezi kuufungua ukurasa unaofuata haraka.

Upungufu ukishapimwa, bado idadi ya atomi haijajulikana. Mstari wa 670.8 ni kazi ya atomi za lithiamu zilizo kamili, zenye elektroni zake tatu. Kwenye uso wa nyota wenye kelvini 6,000, zaidi ya atomi 99 kwa kila 100 zimekwisha kupokonywa elektroni moja, na zilizopokonywa hazionekani hapo. Mpimaji huhesabu chache zilizobaki, kisha hukadiria jumla kwa kanuni za fizikia. Makadirio hayo yanategemea joto kuliko kitu kingine chochote: likikosewa kwa kelvini 100, kiasi cha lithiamu kinakosewa kwa asilimia 15 hadi 20. Ndiyo maana ripoti inayoitwa ya lithiamu huwa na kurasa nyingi kuhusu hidrojeni, kwa sababu mabawa mapana ya mstari wake mwekundu hutanuka au kusinyaa kwa kufuata joto. Wengine hupendelea kulipata joto kwa kulinganisha mwanga wa infraredi na mwanga wote wa nyota. Njia hizi mbili hazikubaliani sikuzote, na mabishano ya kelvini 100 au 150 yamewahi kumaliza wino mwingi.

Kisha kuna mfano wa angahewa ya nyota. Kwa miongo kadhaa wapimaji walitumia angahewa tulivu iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, ingawa kila mmoja wao alijua kwamba uso wa nyota unatokota: gesi moto inapanda, inang'aa, inapoa, inazama pembeni. Mwaka 1999 Martin Asplund na wenzake waliipiga hesabu hiyo kwa kompyuta katika pande zote tatu, na lithiamu ya nyota kongwe ikaporomoka, katika nyota nyingine kwa karibu nusu. Ilikuwa habari nzito. Lakini hesabu hiyo bado ilibeba dhana moja ya zamani, kwamba kila atomi hufuata joto la mahali ilipo tu. Kwa kweli mionzi inayotoka chini kwenye joto zaidi huzifikia atomi za juu na kuzipokonya elektroni. Mwaka 2003 Asplund na wenzake walipoliingiza hilo pia, lithiamu ikapanda tena mpaka karibu palepale ilipokuwa kwenye mfano wa zamani. Makosa mawili yalikuwa yakifutana miaka yote hiyo.

Mtu mwenye haraka atasema ilikuwa kazi bure, kwa kuwa wamerudi walikotoka. Sikubaliani naye. Jibu la zamani lilikuwa sahihi kwa bahati, na hakuna aliyejua kwamba ni bahati. Mhasibu yeyote anaijua tofauti kati ya vitabu vinavyolingana na vitabu ambavyo makosa yake yamelingana.

Kwenye lithiamu-6 mkono wa wapimaji hawa ulijaribiwa kuliko mahali pengine popote. Lithiamu ina isotopi mbili. Ile ya kawaida, lithiamu-7, kwa kweli hutoa mistari miwili inayopishana kwa nanomita 0.015. Lithiamu-6 hutoa jozi ileile, ila imesogezwa kuelekea nyekundu kwa nanomita 0.016. Maana yake, mstari wake wenye nguvu unaangukia karibu juu ya mstari dhaifu wa lithiamu-7. Mwendo wa gesi ya nyota huichanganya yote minne kuwa kibonde kimoja. Lithiamu-6 ikiwapo, utaiona tu kwa ubavu wa kulia, ulio upande wa nyekundu, kunenepa kidogo kuliko inavyostahili. Unene huo hauzidi asilimia moja ya mwanga. Kuona tofauti ya moja kwa elfu kunahitaji chembe za mwanga milioni moja kwenye kila pikseli, na hiyo ni pale ambapo chombo hakina kosa lake lenyewe.

Mwaka 1993 Verne Smith, David Lambert na Poul Erik Nissen walitangaza kwamba wameuona ubavu huo kwenye HD 84937, na kwamba lithiamu-6 ni kama asilimia tano ya lithiamu-7. Kwa nyota moja, miale ya anga ingeweza kueleza: ikizigonga atomi za oksijeni na kaboni katika gesi ya kati ya nyota huzivunjavunja, na lithiamu-6 ni moja ya vipande. Mwaka 2006 timu ya Asplund, ikitumia spektrografu ya UVES kwenye darubini ya VLT katika jangwa la Atacama nchini Chile, ilichunguza nyota 24 na kuripoti lithiamu-6 katika tisa. Baadhi ya hizo zilikuwa na vyuma haba mno hata miale ya anga isingekuwa imepata muda wa kufanya kazi hiyo. Mlipuko Mkuu wa kawaida hutoa lithiamu-6 ndogo kuliko hiyo kwa karibu mara elfu. Wananadharia hawakulala. Zikapendekezwa chembe zisizojulikana ambazo zingeoza katika saa za kwanza za ulimwengu na kuongeza lithiamu-6. Kama ubavu ule ulikuwa wa kweli, fizikia mpya ilikuwa imepatikana katika unene wa chini ya asilimia moja.

Mwaka uliofuata Roger Cayrel na wenzake wakauliza swali la fundi: je, mstari wa lithiamu-7 peke yake, kwenye nyota inayotokota, una umbo gani hasa? Gesi inayopanda inatujia na inang'aa. Inayozama inatukimbia na imefifia. Jumla yake ni mstari uliopinda kidogo, na katika nyota hizi unapinda kwa kuongeza giza kwenye ubavu mwekundu. Ubavu uleule. Ukipima kwa mfano tulivu, upindaji huo utausoma kuwa lithiamu-6.

Mwaka 2013 Karin Lind na wenzake, Asplund akiwa miongoni mwao, walizirudia nyota nne kwa spektra za darubini ya Keck huko Hawaii. Safari hii walitumia angahewa inayotokota na hesabu kamili ya mionzi kwa lithiamu na kwa mistari ya elementi nyingine iliyotumika kulinganishia mwendo wa gesi. Lithiamu-6 haikupatikana kwa uhakika katika hata moja. HD 84937, iliyoianzisha hadithi yote, ilikuwa kati ya hizo nne. Mwaka 2022 ikatumika ESPRESSO, spektrografu ya VLT iliyojengwa kwa ajili ya kutafuta sayari, yenye uthabiti ambao UVES haina. Ikazitazama HD 84937, HD 140283 na nyenzao moja. Hapakuwa na kitu.

Nimeshawahi kuisikia hadithi hii ikisimuliwa kama aibu. Mimi naiona kinyume. Mtu aliyekuwa na jina lake kwenye ugunduzi alikaa na wenzake, akaboresha chombo cha hesabu kwa miaka saba, akauondoa. Hakushinikizwa na data mpya za kushangaza wala na mahakama. Alisukumwa na umbo la ubavu wa mstari. Katika kazi nyingi tunazozijua, za siasa na hata za ualimu, hilo halitokei mara kwa mara.

Kuondoka kwa lithiamu-6 kulifungua mlango mwingine, na ili kuuona inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003, vipimo vya chombo cha WMAP vya mionzi iliyobaki tangu ujana wa ulimwengu vilitoa msongamano wa maada kwa usahihi ambao lithiamu haingeweza kushindana nao. Ukiuingiza msongamano huo kwenye hesabu za Mlipuko Mkuu, heliamu inakubali. Deuteriamu, inayosomwa katika mawingu ya gesi ya mbali, inakubali vizuri mno. Lithiamu inakataa: nyota kongwe zina theluthi moja tu ya kiasi kinachotakiwa. Uwanda wa Spite, uliokuwa jibu, ukageuka kuwa swali. Baadhi ya watu wakashuku namba za maabara, na kwenye kituo cha CERN vikafanywa vipimo vya namna nyutroni zinavyoivunja beriliamu-7, vilivyochapishwa mwaka 2016 na 2018. Namba hazikubadilika kiasi cha kuokoa lolote.

Kilichobaki ni nyota zenyewe. Inawezekana zilianza na lithiamu kamili na zikaipoteza polepole, zote kwa kiwango kinacholingana. Zamani hoja hiyo ilikuwa na adui mmoja mkubwa: lithiamu-6 huungua kwa joto dogo kuliko lithiamu-7, kwa hiyo nyota iliyopoteza theluthi mbili za lithiamu-7 isingeweza kuwa bado na lithiamu-6. Kwa kuwa sasa lithiamu-6 haipo, adui hayupo.

Tena kuna ushahidi wa upande huu, nao ulipatikana kwa chuma. Mwaka 2006 Andreas Korn na wenzake walizipima nyota za NGC 6397, kundi ambalo nyota zake zilizaliwa pamoja kwa gesi moja. Nyota ambazo bado hazijavimba zilionekana kuwa na chuma pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko majitu mekundu ya kundi hilohilo. Chuma hakiungui kwenye nyota hizo, hivyo maelezo yaliyobaki ni kwamba kimezama. Kwa miaka mabilioni, uzito huvuta atomi nzito kutoka kwenye tabaka la juu, taratibu kabisa, na nyota inapovimba gesi ya chini hukorogwa ikapanda tena. Kama chuma huzama, lithiamu nayo huzama. Korn alipoirudisha ile iliyozama, pengo likapungua sana.

Lakini nyota zenye vyuma haba kupita kiasi zimeharibu unadhifu wa maelezo hayo. Chini ya sehemu moja kwa 600 ya chuma cha Jua, uwanda unavunjika: nyota zinatawanyika kuelekea chini, na hakuna inayopanda juu ya bapa. Katika SDSS J102915+172927, nayo iko upande wa Simba, iliyotangazwa na Elisabetta Caffau na wenzake mwaka 2011 na ambayo vyuma vyake ni haba kuliko karibu zote zinazojulikana, lithiamu haionekani kabisa. Joto lake ni la uwandani. Kwa nini nyota iliyo karibu zaidi na mwanzo iwe ndiyo isiyo na urithi wa mwanzo, hilo halijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Ukweli ni kwamba sina upande ninaoutetea hapa, ingawa naona wanaotegemea wazo la kuzama peke yake wanalibebesha mzigo mkubwa kuliko nguvu zake.

Kuna njia ya kuzikwepa nyota. Mwaka 2012 Christopher Howk na wenzake waliipima lithiamu katika gesi ya Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani inayoonekana chini upande wa kusini kwa watu wa pwani yetu, kwa kutumia mwanga wa nyota moja iliyo nyuma ya gesi hiyo. Walikuta kiasi kinacholingana na kile kinachodaiwa na hesabu za Mlipuko Mkuu. Furaha yake ina kasoro, kwa sababu galaksi hiyo imekuwa ikipika lithiamu mpya pia. Nova ni moja ya majiko hayo: mwaka 2015 wanafalaki wa Japani wakitumia darubini ya Subaru waliripoti beriliamu-7, ambayo nusu yake hugeuka lithiamu kila siku 53, ikirushwa na nova iliyolipuka mwaka 2013. Hata lithiamu ya Manono, kule Tanganyika ya Kongo, inayowaniwa kwa ajili ya betri za magari, kwa hesabu za sasa robo yake hivi tu inaweza kuwa ya dakika zile za mwanzo; nyingine ilitoka kwa nova, miale ya anga na majiko mengine kabla ya Jua kuzaliwa. Kama gesi ya Wingu Dogo ina kiasi cha mwanzo na haizidi, iliyoongezwa baadaye imekwenda wapi?

Mwaka 2022 Alessio Mucciarelli na wenzake walileta kipimo kingine. Badala ya nyota ambazo bado hazijavimba, walichukua zilizokwisha kuvimba na kukoroga gesi yao, zikabakiwa na lithiamu iliyozimuliwa. Nazo zina uwanda wao, ulio chini kuliko wa Spite, na mwembamba ajabu. Kinachoshangaza ni kwamba haukuvunjika kule kwenye chuma haba ambako wa Spite unavunjika. Wapimaji wengi wameupokea kwa hamu, kwa kuwa nyota iliyokorogwa hurudisha juu vilivyozama, ingawa kuhesabu imezimuliwa mara ngapi kunahitaji kujua kina cha mkorogo kwa usahihi.

Kwa gesi ya nje ya nyota, kizuizi kikubwa ni mwanga. Howk na wenzake walitumia UVES, iliyofungwa kwenye Kueyen, kimoja cha vioo vinne vya VLT vyenye upana wa mita 8.2, ambacho jina lake ni la Mwezi kwa lugha ya Wamapuche. Kwenye kilele cha Cerro Armazones, jirani na hapo, inajengwa darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39. Itakusanya mwanga karibu mara 20 ya Kueyen, hivyo chembe ambazo leo zinahitaji usiku mzima kukusanywa zitapatikana kwa nusu saa hivi.